Mhadhiri au mkutubi wa chuo kikuu: ulinganisho kwa mwenye shahada ya juu

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hutunuku shahada za uzamili na uzamivu kila mwaka, na wengi wa wahitimu hao, wakiiwazia kazi ya chuoni, huiwazia kwa sura moja tu: mtu aliyesimama mbele ya darasa. Wapo hata hivyo wanaoshika njia nyingine. Mwenye uzamili wa historia, mwenye uzamivu wa kilimo, mwanasheria au mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili anaomba kazi ya ukutubi katika chuo kikuu, anaipata, na anabaki huko hadi kustaafu. Jamaa zake humuuliza, mara nyingi kwa masikitiko ya kweli, kama alisoma miaka yote hiyo ili aende kupanga vitabu rafuni. Anayeuliza hivyo hana lawama, kwa sababu kazi ya mkutubi wa chuo kikuu hufanyika zaidi nyuma ya dawati, na vyuo vyenyewe havijajitahidi kuieleza.

Makala haya yanaziweka kazi hizo mbili ubavu kwa ubavu ili kumsaidia mtu mwenye shahada ya juu anayesitasita kati yake. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa maktaba na kazi hii naipenda. Hata hivyo nimekwisha kuona watu wawili wenye vyeti vinavyolingana wakiingia maktabani mwaka mmoja, mmoja akachanua na mwingine akanyauka, na tofauti haikuwa akili. Tofauti ilikuwa sababu iliyomleta kila mmoja. Ndiyo maana nitatumia nafasi kubwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, na nafasi ndogo kueleza mshahara na vyeo, ingawa navyo vina uzito wake.

Siku ya kazi

Kazi ya mhadhiri inajulikana, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Ana vipindi vyake na semina zake, ana mitihani ya kutunga na kusahihisha, ana wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao tasnifu zao anazisimamia, ana vikao vya idara, na katikati ya hayo yote anatakiwa kutafuta ruzuku, kufanya utafiti na kuchapisha. Katika kozi za mwaka wa kwanza za vyuo vikubwa vya umma darasa moja linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na wiki za kusahihisha humeza kila kitu. Faida yake ni kwamba mwaka wake una mawimbi: yapo majuma ya kukimbizana na yapo majuma ya kupumua, na mhadhiri anayejua kujipanga huandika makala yake katika hayo ya pili.

Siku ya mkutubi haina mawimbi makubwa kama hayo. Anaingia saa za ofisi, na katika maktaba zinazofunguliwa hadi usiku au mwishoni mwa wiki anaingia kwa zamu. Kazi yake inategemea sana nani atakuja na swali gani, na hapo ndipo shahada ya juu inapoonyesha thamani yake.

Mfikirie mwanafunzi wa uzamivu wa kilimo anayekuja kwenye dawati la marejeo akiandika tasnifu kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Amekwisha kutafuta kwenye kanzidata na amepata maelfu ya makala, mengi hayamhusu. Mkutubi asiye na elimu ya kilimo atamwonyesha namna ya kuchuja matokeo kwa mwaka na kwa lugha, na huo ni msaada halali. Mkutubi aliyesoma kilimo atamuuliza kwanza kama anauchunguza ugonjwa huo pekee au pamoja na batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, kwa sababu waandishi wengi huyajadili magonjwa hayo mawili katika makala moja. Atamwambia atumie jina la kisayansi la mmea, Manihot esculenta, lisaidiane na majina ya kawaida, na aongeze Bemisia tabaci, yaani inzi weupe wanaoeneza virusi hivyo. Kisha atamwambia jambo ambalo kanzidata haikumwonyesha: kwamba ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, na kwamba maelezo yake yalichapishwa mwaka 1936 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, ambalo matoleo yake ya zamani mara nyingi hupatikana yakiwa yamejalidiwa rafuni kabla ya kupatikana kwenye skrini. Mwanafunzi alikuja na matokeo maelfu yaliyomtisha. Anaondoka na orodha anayoweza kuisoma na chanzo ambacho msimamizi wake atafurahi kukiona katika sura ya pili.

Nimelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalowavuta wasomi wengi kwenye ukutubi, na wao wenyewe hawalijui mpaka wamelifanya. Mhadhiri hukutana na swali la mwanafunzi likiwa limekwisha kukomaa, ndani ya sura ya tasnifu. Mkutubi hukutana nalo likiwa bado halijapata umbo, na kazi yake ni kumsaidia mwenye swali kulitambua. Kwa mtu anayependa hatua hiyo ya mwanzo ya utafiti kuliko hatua ya kuandika na kutetea, hakuna kazi nyingine ya chuoni itakayompa nafasi hiyo mara nyingi kwa wiki.

Yapo pia mengine yanayojaza siku: kuorodhesha na kuainisha vitabu, kuendesha programu ya maktaba kama Koha, kupokea tasnifu na kuziingiza katika hazina ya kidijitali ya chuo, ambayo mara nyingi huendeshwa kwa programu ya DSpace, kupitisha kazi za wanafunzi kwenye programu ya kugundua wizi wa kitaaluma, kujadiliana na wachapishaji, na kufundisha stadi za habari kwa madarasa yanayoletwa maktabani. Sehemu ya kazi hiyo inachosha, na asiyevumilia usahihi wa mambo madogo ataichukia. Nambari ya uainishaji ikikosewa kwa tarakimu moja, kitabu kimepotea ingawa kimo ndani ya jengo.

Elimu ya somo na mikusanyo

Upande mwingine ambao shahada ya juu inahitajika kweli ni mikusanyo maalumu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki ambamo, miongoni mwa mengine, zimo karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Vitu vya namna hiyo haviwezi kuorodheshwa na mtu anayejua kanuni za uorodheshaji peke yake.

Tuutazame mswada mmoja wa utenzi. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi za Kiarabu zilivyo, na herufi hizo hazikutosha sauti za Kiswahili. Herufi ile ile ya ba inaweza kusomwa b, p au mb. Fa inaweza kuwa f au v. Irabu e na i huandikwa kwa alama moja, na o na u kwa alama nyingine moja. Anayetaka kuandika katika orodha mstari wa kwanza wa utenzi huo, ili mtafiti aliyeko Mombasa, Hamburg au Chicago aukute anapoutafuta, hana budi kuamua kila neno lisomweje. Uamuzi huo unategemea mizani, vina, lahaja ya mtunzi na historia ya mahali alipoishi. Mwenye uzamili wa fasihi ya Kiswahili aliyezoea tenzi za Lamu na Pate ataona upesi kwamba neno fulani haliwezi kuwa na p kwa kuwa kina kitavunjika. Mwingine atakisia, na kisio lake likishaingia katika orodha litanakiliwa na kila atakayekuja baada yake.

Mhadhiri wa fasihi naye anayajua haya. Lakini mhadhiri atauchukua mswada mmoja, atauandikia makala, kisha atahamia mada nyingine kwa sababu jarida halitachapisha makala ishirini za kufanana. Mkutubi ndiye mwenye nafasi, na kwa kweli ndiye mwenye wajibu, wa kuishughulikia miswada yote, hata ile isiyo na mvuto. Watu wanaofurahia ujuzi mpana wa mkusanyo mzima, ambao kwa miaka kumi wanaweza kusema karatasi fulani imo boksi gani na inahusiana na ipi nyingine, wanaufaa ukutubi. Wanaotaka kuandika hoja moja kubwa na kuitetea mbele ya ulimwengu wanaufaa uhadhiri, na wakiingia maktabani watahisi kila siku kwamba wanawahudumia wenzao wakati kazi yao wenyewe imelala.

Kwa wasomaji walioko ughaibuni, hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina maktaba ya Herskovits ya taaluma za Afrika iliyoanzishwa mwaka 1954. Huko London, chuo cha SOAS, kinachofundisha taaluma za Asia na Afrika, kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo hununua na kukusanya machapisho ya nchi za ukanda wetu. Mikusanyo hiyo inahitaji watu wanaosoma lugha za Kiafrika na kuijua historia yake, na Mswahili mwenye shahada ya juu ana jambo la kutoa pale ambalo wenzake wengi hawana.

Utafiti, na onyo moja

Hapa nataka kusema waziwazi, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotea. Wapo wanaoitazama maktaba kama mahali pa kukimbilia: wamechoka na mbio za kuchapisha, wameogopa madarasa makubwa, au hawakupata nafasi katika idara, nao wanadhani maktabani watakaa kwa utulivu wakisoma vitabu. Mawazo hayo si sahihi kwa sababu mbili.

Kwanza, maktaba ya chuo kikuu si mahali tulivu kwa anayefanya kazi ndani yake. Jengo jipya la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililozinduliwa Novemba 2018, lilijengwa ili liweze kuhudumia watu wapatao 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu vipatavyo 800,000. Utulivu wa wasomaji hao unatokana na watu ambao hawatulii.

Pili, na hili ni zito zaidi, katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania wakutubi wenye shahada za juu ni wanataaluma. Ngazi zao zinakwenda sambamba na za wahadhiri, kuanzia mkutubi msaidizi, mkutubi, mkutubi mwandamizi, hadi profesa mshiriki na profesa wa ukutubi, na anayetaka kupanda lazima achapishe kama mwenzake wa idara. Aliyekimbia kuchapisha atakuta kuchapisha kunamsubiri maktabani, tena bila yale majuma ya kupumua niliyoyataja. Mkutubi huandika makala yake asubuhi kabla dawati halijafunguliwa, au usiku. Anayeingia bila kulijua hili hukaa ngazi moja kwa miaka mingi, na uchungu wake huwafikia wanafunzi.

Jambo linaloupunguza ugumu huo ni kwamba utafiti wa mkutubi hutokana na kazi yenyewe. Namna wakulima wanavyopata habari za pembejeo, namna wauguzi wa vijijini wanavyopata maarifa mapya, kwa nini wahadhiri hawaweki makala zao katika hazina ya chuo, nini kinazipata kumbukumbu za manispaa: haya yote ni maswali ya kweli na data zake ziko karibu. Profesa Maria Musoke wa Uganda ni mfano mzuri. Uzamivu wake, alioufanya Chuo Kikuu cha Sheffield, ulihusu upatikanaji na matumizi ya habari za afya vijijini Uganda. Baadaye aliongoza maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kutoka huko akawa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo anayeshughulikia taaluma. Njia ya maktaba haiishii maktabani kwa mtu anayefanya utafiti wa maana.

Lakini angalia kwamba utafiti huo ni wa taaluma ya habari. Mwenye uzamivu wa kemia anayeingia maktabani asitarajie kuendelea na kemia ya maabara. Anaweza kubaki karibu nayo, akiwasaidia wanakemia kutafuta, kupanga na kuhifadhi data zao, na kushirikiana nao katika mapitio ya kimfumo, yaani ya kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, ambayo yanahitaji utafutaji uliopangwa na kuandikwa hatua kwa hatua. Katika fani za afya na kilimo mkutubi anayeifanya kazi hiyo vizuri huingizwa miongoni mwa waandishi wa makala, na hilo ni haki yake. Maabara, hata hivyo, itakuwa imebaki nyuma. Ambaye hawezi kuiacha asiiache.

Cheo na mkataba

Nchi hazifanani, na hata vyuo vya nchi moja havifanani. Nimeeleza mpango wa vyuo vya umma vya Tanzania. Kwingineko mkutubi anaweza kuwa ameajiriwa kama mtumishi wa utawala au mtaalamu wa huduma, na tofauti hiyo inagusa mshahara, likizo ya utafiti, haki ya kupiga kura katika vikao vya taaluma na hata chama cha wafanyakazi anachoweza kujiunga nacho. Nchini Marekani hali ni ya mchanganyiko: vyuo vingine huwapa wakutubi hadhi ya wanataaluma pamoja na ajira ya kudumu inayolindwa, vingine huwaweka katika kundi la wataalamu wasiofundisha. Kwa hiyo anayelinganisha kazi mbili asilinganishe majina ya kazi. Alinganishe mikataba. Mkutubi mwenye hadhi ya mwanataaluma anafanana zaidi na mhadhiri kuliko anavyofanana na mkutubi asiye nayo.

Upande wa uhadhiri nao umebadilika. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilipotoa vigezo vyake mwaka 2014 ilitaka wahadhiri wawe na uzamivu, na katika Tanzania matangazo mengi ya kazi ya mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma huomba wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Aliyepata 3.6 miaka kumi iliyopita hawezi kuirekebisha sasa, hata akiwa ameandika tasnifu bora ya uzamili. Baadhi ya watu hao ni watafiti wazuri kweli, na maktaba zinaweza kunufaika nao, ingawa ni vyema kila mmoja asome tangazo lenyewe kabla ya kutumaini, kwa kuwa vyuo vingine huweka kigezo kinachofanana na hicho kwa wakutubi pia.

Njia ya kuingia

Hapa uhadhiri una nafuu. Mwenye uzamivu wa historia anaomba kazi katika idara ya historia bila kuongeza cheti kingine. Akitaka ukutubi, mara nyingi ataombwa awe na shahada ya ukutubi au ya masomo ya habari juu ya ile aliyo nayo, na hilo linamaanisha mwaka mmoja au miwili zaidi ya masomo na ada.

Mafunzo yapo karibu. Makerere ilianza kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963, na shule hiyo bado ipo ndani ya chuo hicho ikiwa na shahada za ngazi zote. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi za habari mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya uzamili ya masomo ya habari, ambayo humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kinafundisha zaidi ngazi za chini kuliko uzamili, na mwenye shahada ya juu hatakihitaji isipokuwa anataka kujifunza kazi za mikono za uhifadhi. Anayeelekea Marekani au Kanada ajue kwamba waajiri wa vyuo huko hutaka shahada ya uzamili kutoka programu iliyoidhinishwa na Shirikisho la Maktaba la Marekani, na kwamba shahada hiyo huhesabiwa kuwa ya mwisho katika taaluma hiyo: uzamivu wa somo lingine ni nyongeza inayothaminiwa, lakini peke yake hautoshi katika matangazo mengi. Tangu mwaka 2004 Baraza la Maktaba na Rasilimali za Habari la nchini humo lilianza kutoa nafasi kwa wenye uzamivu wa fani mbalimbali kufanya kazi maktabani bila kupitia shahada ya ukutubi, jambo ambalo lilizua mjadala mkali miongoni mwa wakutubi wenyewe. Mjadala huo nauelewa. Ujuzi wa somo hauchukui nafasi ya ujuzi wa maktaba, na mwenye PhD anayeingia akidhani mengine atayaokota njiani huwachosha wenzake kwa muda mrefu.

Ushauri wangu kwa asiye na uhakika ni aombe kwanza kazi ya muda maktabani, au ajitolee katika mradi wa kuorodhesha mkusanyo unaohusu somo lake, kabla ya kulipa ada ya shahada ya pili. Baada ya mihula miwili atakuwa anajua.

Pato na muda

Kwa mshahara wa msingi, pale ambapo wakutubi wako katika ngazi za wanataaluma, tofauti si kubwa. Tofauti iko katika yanayozunguka mshahara. Mhadhiri ana miradi ya utafiti, ushauri elekezi, vipindi vya ziada katika vyuo vingine na malipo ya kusahihisha tasnifu za nje. Mkutubi ana nafasi chache za aina hiyo, na kufungwa na saa za ofisi kunazipunguza zaidi. Mwenye wategemezi wengi aliweke hili mezani bila aibu.

Kwa upande wa muda, anayelea watoto wadogo anaweza kuona kwamba saa zinazojulikana za maktaba zinamfaa kuliko kazi ya mhadhiri inayomfuata nyumbani kila jioni. Wengine huona kinyume, kwa kuwa mhadhiri anaweza kuondoka mchana kumpeleka mtoto hospitali bila kuomba ruhusa. Hili kila mtu atalipima kwa nyumba yake.

Heshima

Siwezi kulipita jambo hili, kwa kuwa linaamua mambo mengi kuliko watu wanavyokiri. Mhadhiri anaitwa mwalimu, daktari au profesa hata sokoni. Mkutubi mwenye uzamivu hujikuta akiulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama anaweza kumletea kitabu upesi, na huulizwa na mhadhiri kijana, ambaye pengine alimfundisha kutafuta makala, kwa nini jarida fulani halifunguki. Ataeleza kwamba maktaba za vyuo hujiunga katika umoja wao, kama ule wa COTUL kwa Tanzania au KLISC kwa Kenya, ili zinunue kwa pamoja haki ya kusoma majarida ambayo chuo kimoja hakiwezi kuyalipia. Ataeleza kwamba majarida mengine hupatikana bure au kwa bei nafuu kupitia mpango wa Research4Life, na kwamba lile analolitaka halimo katika mikataba hiyo. Mhadhiri ataondoka akiamini kwamba maktaba imelala. Hakuona miezi ya barua na hesabu iliyofanya majarida mengine maelfu yafunguke.

Ninaamini kwa dhati kwamba vyuo vyetu vinafanya kosa kubwa kuwaacha watu hawa nje ya mazungumzo ya utafiti, na kwamba utafiti wa nchi zetu ungesimama imara zaidi kama kila kitivo kingekuwa na mkutubi aliyesoma somo la kitivo hicho hadi uzamili au uzamivu. Lakini anayechagua kazi leo anachagua katika hali ilivyo leo. Anayehitaji sifa ya hadharani ili aendelee kufanya kazi vizuri, na hakuna ubaya kuihitaji, aende idarani. Anayeweza kutosheka akiona jina lake katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu ya mwingine atadumu maktabani.

Kabla ya kusaini

Aliyekwisha kuelemea upande wa maktaba apeleke maswali machache kwenye usaili, na asione haya kuyauliza. Aulize kama nafasi hiyo imo katika ngazi za mishahara za wanataaluma, zinazojulikana kama PUTS katika vyuo vya umma vya Tanzania, au katika ngazi za watumishi wengine. Aulize ni saa ngapi kwa wiki mkutubi anaruhusiwa kutumia kwa utafiti wake, na kama saa hizo zimeandikwa mahali au ni hisani ya mkuu wa maktaba. Aulize atahudumia kitivo kipi, na kama kitivo hicho kinahusiana na somo alilolisomea, kwa sababu mwanahistoria akipangiwa uhandisi faida yote niliyoieleza hapo juu inapotea. Aulize pia nani katika maktaba hiyo alipandishwa cheo karibuni, na kwa machapisho gani.

Kama maktaba ni ya Morogoro, kwa mfano, ambako maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991, mwenye uzamivu wa udongo au wa mifugo atakuta mkusanyo unaomngoja na watafiti wanaomhitaji; aombe kuonyeshwa mkusanyo huo na kuzungumza na wahadhiri wawili watatu wanaoutumia. Majibu yakiwa ya wazi na ya kuridhisha, asaini. Yakiwa ya kukwepakwepa, na huku idara nayo imemwita, basi aende akafundishe, na siku ya kwanza ya muhula awalete wanafunzi wake maktabani.